Maji ya Kuoshea Kiwanda cha Maziwa Yawe Chakula cha Kuku na Sato

Habari zenu ndugu wafugaji, na ninyi wenye viwanda vidogo vya mtindi na jibini. Maji haya meupe yanayotiririka mferejini yametoka kuosha matangi na sakafu, na yamebeba maziwa: protini, sukari, mafuta. Yakifika mtoni yanaoza, oksijeni inaisha na samaki wanakufa. Leo tunayatumia kukuza lemna, yale majani madogo ya kijani yanayoelea kwenye madimbwi, ambayo bata huyagombania. Lemna ikishiba, protini hufika asilimia 35 hadi 40 ya uzito wake mkavu. Mashudu ya soya mnajua bei yake.

Kwanza tenganisha. Maji yanayochujwa kwenye jibini yasiingie humu, ni makali mno. Wape nguruwe siku hiyo hiyo. Maji ya chooni yawe na njia yake kabisa, hilo halina mjadala.

Pili, ondoa mafuta. Tazama bomba la kutokea kwenye tangi hili la kunasa mafuta: mdomo wake umeelekezwa chini. Mafuta yanabaki yakielea juu, maji yanatokea chini. Yaengue kila asubuhi.

Hatua ya tatu naomba tuende polepole. Lemna haili maziwa, inakula amonia, na bakteria ndio wanaobadilisha protini ya maziwa kuwa amonia. Kwa hiyo maji yapite kwanza kwenye mtambo wa bayogesi ulioanzishwa kwa kinyesi cha ng'ombe, yakae humo siku 20 au zaidi. Ukiruka hatua hii, utapata bwawa linalonuka na lemna iliyooza. Sukari ya maziwa huchacha haraka, na uchachu unawaua bakteria wa gesi. Pima pH, yaani kipimo cha uchachu (chini ya 7 ni uchachu), kwa karatasi zake. Ikishuka chini ya 6.5, punguza maji unayoingiza na uongeze chokaa kidogo. Maji yenye kostiki, ile soda kali ya kuoshea matangi, yasiingie moja kwa moja: yakusanye kwenye tangi pamoja na yale ya kuoshea kwa asidi mpaka pH ikaribie 7. Gesi utapikia, ila usiwashe moto karibu na mtambo.

Nne, jaribu kwa ndoo. Maji yanayotoka kwenye mtambo ni makali bado. Ndoo ya kwanza changanya nusu kwa nusu na maji safi, ya pili sehemu moja ya maji ya mtambo kwa tatu za maji safi, ya tatu moja kwa tano. Tia konzi ya lemna kila ndoo, subiri siku tatu. Ile iliyostawi ndiyo kipimo chako. pH ya bwawa ikizidi 8, amonia inageuka sumu kwa lemna.

Bwawa lenyewe halina makuu: kina cha sentimita 50, turubai zito chini, na fremu za mianzi zinazoelea ili upepo usisukumie lemna upande mmoja. Panda kama nusu kilo kwa kila mita ya mraba. Ukiacha nafasi wazi, mwani na mbu wataingia.

Sasa sogeza kamera hapa. Chukua jani moja, tazama mzizi. Mzizi mfupi na jani la kijani kibichi, lemna imeshiba. Mzizi mrefu kama uzi na jani la njano, ina njaa, ongeza maji ya mtambo. Kwenye joto vuna robo kila baada ya siku mbili. Kwenye baridi kama ya Njombe au Limuru, subiri zaidi.

Suuza kwa maji safi. Sato wanaila mbichi. Ya kuku ianike juu ya wavu, tabaka jembamba, kwenye kivuli chepesi, mpaka ivunjike mkononi. Kilo 20 mbichi zinatoa kilo moja na ushee. Ichanganye asilimia 10 ya chakula cha kuku wa mayai, na kiini kitakuwa cha njano iliyokolea.

Kabla ya kuuza chakula hiki au kuachia maji ya bwawa mtoni, peleka sampuli maabara. Kibali cha kutiririsha ulizia mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya.