Shabiki wa Ugenini na Mji Unaompokea

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya viongozi wa matawi ya mashabiki na vijana wanaojitolea kusimamia watu uwanjani

Ndugu viongozi wa matawi, wazee wangu, na ninyi vijana mnaosimama getini siku ya mechi, mbukwenyi! Ahsanteni kwa kunialika.

Mmeniomba nizungumzie shabiki anayesafiri na timu yake. Nitatoa dai langu mapema ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Ukitaka kujua kama mji unaupenda mpira, usiangalie jukwaa la wenyeji. Nenda pale walipokaa wageni, uangalie wamewekwa wapi, wamepitia geti gani, na watatokaje.

Ligi Kuu yetu ina timu 16. Kila timu hucheza mechi 30 kwa msimu, na 15 kati ya hizo ni za ugenini. Kwa hiyo shabiki asiyetoka mjini kwake ameiona nusu ya timu yake, na kwa maoni yangu nusu aliyoikosa ndiyo yenye mafunzo zaidi. Nyumbani mchezaji hubebwa na kelele. Ugenini kelele hizo hizo zinamwangukia, na hapo ndipo utamjua beki anayejificha na kiungo anayeomba mpira hata kama watu elfu kadhaa wanamzomea. Hata waamuzi wanaguswa na kelele. Mei 2020 ligi ya Ujerumani iliporejea viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, timu za nyumbani zilishinda mara chache kuliko ilivyozoeleka, na watafiti waliofuatilia ligi za Ulaya kipindi kile waliona wageni wakionyeshwa kadi za njano chache kuliko zamani. Viti vitupu vilitupa ushahidi wa jambo ambalo kila mtu wa mzunguko, wa majukwaa ya bei nafuu, alikuwa analijua.

Mtaniambia siku hizi mechi zote ziko kwenye televisheni. Ni kweli. Tangu mkataba wa mwaka 2021 kati ya shirikisho letu la mpira, TFF, na kampuni ya televisheni ya Azam Media, wa miaka 10 na thamani ya shilingi bilioni 225.6, mtu wa Mpwapwa anaweza kuona mechi ya Mbeya akiwa kibanda umiza. Nashukuru kwa hilo, maana limeleta fedha kwa klabu ambazo zamani zilisafiri kwa kuombaomba. Lakini kamera inafuata mpira. Haikuonyeshi beki wa kulia anavyojipanga mpira ukiwa kushoto, wala kipa anavyowapigia kelele mabeki wake dakika nzima kabla ya hatari kufika. Haikuonyeshi mchezaji wa akiba anayepasha misuli huku anazomewa kwa jina. Mwenye macho ya mpira akisafiri mara moja anarudi na mambo ya kuzungumza mwezi mzima.

Wazee humu ndani wanaukumbuka mwaka 1979. Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, tena Dar es Salaam, watu wakaona safari ya marudiano ni ya kukamilisha ratiba tu. Ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Mwaka 2003 ikaenda Cairo kwa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, ikawatoa kwa penalti. Na Yanga? Fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, walifungwa 2-1 na USM Alger kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini: jumla ikilingana, anashinda aliyefunga mabao mengi zaidi ugenini. Ulaya walikuwa wameshaifuta kanuni hiyo mwaka 2021, Afrika ilikuwa bado inahesabu. Siku ile taifa zima lilijifunza uzito wa bao moja linalofungwa ugenini.

Sasa turudi hapa kwetu, Uwanja wa Jamhuri, maana Dodoma ina jambo lake ambalo ni lazima tuliseme bila kuoneana haya.

Simba au Yanga ikija kucheza na Dodoma Jiji, mgeni ni nani? Asubuhi ukipita kituo cha mabasi Nzuguni, ukipita Majengo, ukipita Area C, jezi ni nyekundu mtaa mzima, au njano na kijani mtaa mzima. Wengi wao hawakutoka Dar es Salaam. Ni watu wa hapa hapa, wengine wamezaliwa hapa, wengine walihamia na wizara zao Serikali ilipohamia. Wanaingia Jamhuri, wanajaza mzunguko, na Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, wanatoka vyumbani kwenye uwanja wao wenyewe wakipokelewa na kelele za kuwaombea wafungwe. Kijana anayeishangilia Dodoma Jiji siku hiyo anakuwa shabiki wa ugenini ilhali kwao ni kilomita mbili kutoka uwanjani. Mimi simlaumu mtu kwa timu aliyoipenda utotoni. Simba na Yanga zina historia ya tangu miaka ya 1930 na zimeingia majumbani mwetu kama ukoo. Ninachoomba ni kwamba kijana yule aliye peke yake asivuliwe jezi, asisukumwe, asiambiwe ahame kiti. Ikiwa hatuwezi kumvumilia jirani yetu anayeishangilia timu ya mji wake, tutampokeaje mtu wa Mbeya?

Na huyo mtu wa Mbeya ndiye ninayetaka tumkazie macho. Siku ya Simba na Yanga kila kitu kinaandaliwa: askari wapo, vyombo vya habari vipo, viongozi wapo. Mgeni wa kweli huja siku ambayo hakuna anayemsubiri. Nimewaona watu wa Mbeya City. Wametoka kwao usiku kwa Kosta, wamepita Iringa, wameshuka Mtera, wameingia Dodoma mchana jua likiwa utosini. Wamezoea baridi ya kule kwenye uwanja wao wa Sokoine, kwa hiyo wengine wamekuja na masweta wameyafunga kiunoni. Kiongozi wao ana daftari la michango, analifungua kila wakati kuangalia nani bado hajamalizia nauli ya kurudi. Mama mmoja amebeba chapati kwenye hotipoti, anagawa moja moja, na anayepokea anakunja ya kwake mara mbili ili vumbi lisiingie, kwa sababu upepo wetu wa jioni mnaujua. Ngoma wanayo moja. Wanaipiga dakika 90, timu ikifungwa wanaipiga, ikisawazisha wanaipiga zaidi. Mpira ukiisha wachezaji wao wanakuja hadi ukingoni mwa jukwaa wanawapungia. Kwa mchezaji ambaye hajawahi kuandikwa gazetini, kusikia jina lake likiitwa na watu waliosafiri usiku kucha kwa ajili yake ni jambo kubwa sana.

Watu kama hao tunawadai nini? Hatuwadai kitu. Sisi ndio tunaodaiwa.

Tunadaiwa kwanza mahali pao. Ulaya, shirikisho lao la mpira, UEFA, linataka angalau asilimia 5 ya nafasi za uwanja zitengwe kwa wageni. Ligi Kuu ya Uingereza inatoa tiketi 3,000, au asilimia 10 kwa viwanja vidogo, na tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya shabiki mgeni haizidi pauni 30. Sisemi tuige hesabu zao. Nasema waliona mgeni anahitaji kanuni inayomlinda, wasimwachie huruma ya mwenyeji. Hapa kwetu sehemu moja ya mzunguko, yenye kivuli kama kipo, ikiandikwa wazi kuwa ni ya wageni na ikasimamiwa na vijana wenye adabu, inatosha kwa mechi nyingi.

Deni la pili ni kubwa kuliko yote, na ninaomba vijana wa getini mnisikilize kwa makini.

Mei 9, 2001, mjini Accra, Hearts of Oak ilikuwa inaongoza 2-1 dhidi ya Asante Kotoko ya Kumasi. Mechi ikiwa inaelekea ukingoni, baadhi ya mashabiki wa Kotoko walikasirika wakaanza kurusha vitu uwanjani. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi kuelekea jukwaani. Watu wakakimbilia milango ya kutokea, wakaikuta imefungwa. Walikufa watu 126. Karibu miaka kumi na mmoja baadaye, Februari 1, 2012, huko Port Said nchini Misri, Al Masry ilishinda 3-1 nyumbani, na bado mashabiki wake wakavamia jukwaa la wageni wa Al Ahly. Wageni wakakimbilia njia ya kutokea, nako geti lilikuwa limefungwa. Zaidi ya watu 70 walikufa, wengi wao vijana. Na sisi tusijione tuko mbali: Mei 28, 2023, siku ile ile ya fainali ya Yanga niliyoitaja, mtu mmoja alipoteza maisha kwenye msongamano wa kuingia Uwanja wa Mkapa.

Tazameni kinachojirudia. Hasira ipo kila mahali, na ushabiki bila hasira haujawahi kuwepo. Kilichoua Accra na Port Said ni hasira iliyokutana na kufuli. Basi nawaambia hivi: ufunguo wa geti la wageni usikae ofisini, wala usikae mfukoni mwa mtu aliyekwenda kununua soda. Uwe mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, amesimama getini kuanzia mpira unapoanza hadi mgeni wa mwisho atoke. Mkiniuliza mhadhara huu wote mchukue jambo gani moja, chukueni hilo.

Wako wanaosema dawa ni kuwazuia wageni wasije kabisa. Argentina ilifanya hivyo mwaka 2013, baada ya shabiki wa klabu ya Lanús kuuawa mjini La Plata. Naelewa uchungu wao, lakini nchi ile yenye mapenzi makubwa ya mpira ikajikuta na viwanja vyenye sauti moja tu. Sisi hatujafika huko. Utani wetu bado unatusaidia: mtu anakuchamba dakika 90, kisha mnapanda bajaji moja. Tuulinde, na tusiuchanganye na matusi ya kumtukana mama wa mtu au kabila lake.

Deni la tatu linaihusu timu mgeni yenyewe. Machi 2025 dabi ya Kariakoo, Yanga na Simba, haikuchezwa siku yake kutokana na mzozo ulioanzia kwenye mazoezi ya timu mgeni usiku wa kuamkia mechi. Ilichezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Katikati hapo kuna watu waliokuwa wamekwishalipa nauli kutoka mikoani, wamelala gesti, wakarudi makwao bila kuona hata kona moja. Sitaki kuingia kwenye nani alikosea. Nasema tu kwamba wakubwa wakigombania haki za mgeni, anayeumia ni yule wa Kosta.

Kwa upande wa ninyi mnaosafiri, nitasema kwa haraka kwa sababu mengi mnayajua. Treni ya SGR imebadilisha hesabu zetu tangu ilipofika Dodoma Julai 2024. Mechi ya Dar es Salaam ambayo zamani ilikula siku mbili kwa basi sasa, ukipanga vizuri, inawezekana kwa usiku mmoja, ila kata tiketi ya kurudi mapema, kwa sababu siku ya mechi kubwa behewa linajaa. Singida ni barabara tu: Bahi, Manyoni, Ikungi, umefika. Msisahau kula kuku wa kule. Vaa jezi yako ukiwa ndani ya jukwaa lenu. Njiani weka shati juu yake. Tawi liwe na mtu mmoja mwenye orodha ya majina yote na simu ya ndugu wa kila mmoja. Mkifika, kiongozi amtafute kamanda wa askari wa siku hiyo amsalimie kabla ya mechi, maana mtu aliyekusalimia vizuri saa nane ni vigumu kumpiga rungu saa kumi na mbili.

Na wenyeji tunafaidika, tusisahau. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi moja la mashabiki ni sahani za wali kwa mama ntilie, ni vyumba vya gesti, ni bodaboda, ni trei za zabibu zinazonunuliwa kupelekwa nyumbani.

Nimeletewa swali kwenye karatasi na mama mmoja aliyekaa huko nyuma. Anauliza kama anaweza kumpeleka mwanawe wa miaka tisa kwenye mechi ya ugenini. Dada yangu, mpeleke, lakini usianze na Simba wala Yanga. Anza na mechi ya katikati ya msimu, ya mchana, safari fupi kama Singida. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Kaeni ngazi za chini karibu na njia ya kutokea, na mwonyeshe geti mkiwa mnaingia, mwambie, "Tukipotezana, tunakutana nje ya lile." Mkitaka kuondoka, ngojeni kundi kubwa litoke kwanza, dakika kumi na tano za kusubiri kwenye ngazi hazimwui mtu. Mnunulie karanga muda huo, muache aulize maswali yake.

Kuna mkono pale umenyooshwa. Karibu, mzee wangu.