Unda meza ya kuchomelea isiyopinda

Karibuni tena karakana. Leo ni meza ya kuchomelea. Zile za kiwandani, zenye matundu ya milimita 16 au 28 ya kupachika vibanio, zimenyooka sana, ila ni ghali. Kama kazi zako ni viti na mageti, tuunde yetu.

Juu tunaweka pleti ya milimita 10, urefu sentimita 120, upana 60. Hii ina kilo zaidi ya 56, kwa hiyo tafuta mtu wa kushika upande wa pili. Ya milimita 6 ni nyepesi, lakini moto huitia mawimbi upesi. Fremu na miguu ni skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 3. Chukua chuma cheusi. Chenye zinki ukikichoma hutoa moshi mbaya kwa mapafu.

Kata fremu iwe sentimita 108 kwa 48. Kwa nini ndogo? Pleti ikizidi sentimita 6 kila upande, klampu inapata pa kuuma.

Panga vipande sakafuni, shikiza kila kona kwa nukta ndogo ya kuchomelea tu. Sasa pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha pima kona mbili zilizobaki vivyo hivyo. Vipimo vikitofautiana, gonga kona ya ule mrefu kuelekea ndani, pima tena. Vikilingana, choma kona moja, ruka uende ya mkabala.

Miguu: simama wima, meza ifike chini kidogo ya kiwiko. Kwangu ni sentimita 90, pleti ikiwemo. Chini ya kila mguu choma nati, ingiza bolti. Ndiyo itakayosawazisha meza kwenye sakafu yenye mabonde.

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Meza yangu ya kwanza niliizungushia mshono mzima, ikapoa imebonyea kama sinia. Laza pleti kifudifudi, weka fremu juu yake, miguu ikitazama dari. Ukiona mwanya, jaza kipande cha bati. Usiibane pleti ifuate fremu iliyopinda. Choma sentimita mbili tu kila kona na katikati ya kila upande, uiache ipoe kila mara.

Igeuzeni wawili, weka pima maji, kaza bolti. Rangi ni ya miguu peke yake. Juu pakwangue hadi chuma king'ae, ethi (kibanio cha waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) ishike vizuri, halafu futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, isishike kutu.