Pikosekunde 30 za kutenganisha migongano

Ahsanteni. Niingie moja kwa moja kwenye tatizo lenyewe. Pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia ya chembe, ndani ya LHC, mashine ya mviringo inayoongeza kasi ya chembe, vifurushi vya protoni, chembe za kiini cha atomu, hupishana kila baada ya nanosekunde 25, yaani sehemu 25 za bilioni ya sekunde. Mashine ikishaboreshwa, mpishano mmoja utaweza kuzaa hadi migongano 200, yote imebanana katika sentimita chache. Chembe zinatawanyika kwa maelfu. Ipi imetoka mgongano upi? Kwa kufuata njia zake peke yake, hasa zile zinazokwenda karibu sambamba na mhimili, yaani mstari ambao protoni husafiria, mara nyingi huwezi kusema.

Bahati nzuri, migongano hiyo haitokei kwa mara moja. Imetawanyika ndani ya mamia machache ya pikosekunde. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mwanga wenyewe, na mbio zake zote, ndani ya muda huo husogea milimita 0.3 tu. Ukipima kwa usahihi wa pikosekunde 30 hivi, migongano iliyotokea karibu mahali pamoja inaanza kuachana. Kazi hiyo ndiyo waliyopewa vigunduzi vipya vya wakati vya ATLAS na CMS, majaribio mawili makubwa ya LHC.

Tukitazame kipande kimoja cha kihisi cha ATLAS. Ni silikoni ya mraba, milimita 1.3 kila upande, na sehemu inayofanya kazi ina unene wa mikromita 50. Chembe ikipita hung'oa elektroni, nazo zikifika kwenye tabaka jembamba lenye uga mkali wa umeme huzaana mara kumi na zaidi. Kwa nini chembamba hivyo? Silikoni nene huchelewesha ishara kupanda, tena chaji haiachwi sawasawa njiani, na wakati unayumba. Adui mwingine ni mionzi: hudhoofisha tabaka lile la kuzalisha, ikabidi volti ipandishwe na kihisi kikae kwenye baridi ya takriban nyuzi 30 chini ya sifuri.

Ila kwangu mimi kinachonikosesha usingizi zaidi ni saa. Chaneli, yaani njia za kusomea ishara za vihisi, ni mamilioni, zote zinategemea mapigo yaleyale ya saa, na joto likibadilika kidogo mapigo huchelewa njiani. Hakuna fundi atakayepita kurekebisha moja moja! Tunatumia migongano yenyewe: tunakusanya nyakati za chembe nyingi kwa kila chaneli, tunatafuta wastani, tunaondoa tofauti, kisha tunarudia mashine ikiendelea kuzunguka.

Haya, maswali.