Blanketi Juu ya Kamba: Sinema za Zamani za Hollywood kwa Anayeanza

Habari za jioni. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mlioona neno "sinema" kwenye tangazo mkadhani leo kuna mapigano. Mapigano hayapo, ila msiondoke.

Nimeombwa niwatajie picha za zamani za Hollywood zinazomfaa mtu ambaye hajawahi kuziangalia. Kazi hii nilishaifanya mara moja nyumbani kwangu nikaiharibu. Mpwa wangu, kijana aliyekulia kwenye vibanda umiza na picha za kutafsiriwa, aliniambia: "Mjomba, hebu nionyeshe hizo zako za nyeusi na nyeupe." Nami kwa kiherehere nikamwekea Citizen Kane ya mwaka 1941, maana vitabu vyote vinasema hiyo ndiyo baba lao. Dakika ya 20 akaniuliza, "Stelingi ni nani hapa?" Dakika ya 40 alikuwa anakoroma.

Sikumlaumu. Orson Welles aliitengeneza picha ile akiwa na miaka 25, na sehemu kubwa ya utamu wake ni namna alivyozipindua taratibu za wenzake. Sasa mtu asiyezijua hizo taratibu atafurahia nini zikipinduliwa? Ni sawa na kumpa anayejifunza Kiswahili shairi la Muyaka kabla hajajua kuagiza chai. Kwa hiyo Citizen Kane iwekeni akiba. Na Gone with the Wind ya 1939 nayo ngojeni kwanza. Urefu wake unakaribia saa nne nzima, na ina mambo mengine nitakayoyagusa baadaye.

Tunaposema enzi ya dhahabu tunazungumzia takriban miaka 30, tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi kuelekea 1960. Kampuni kubwa zilikuwa tano: MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO. Kampuni hizo zilitengeneza picha, zikazisambaza, na kumbi za kuzionyeshea zikawa zao pia. Mwigizaji aliajiriwa kwa mkataba wa miaka kama karani. Mahakama Kuu ya Marekani ndiyo iliyowabana mwaka 1948 mpaka wakalazimika kuachana na zile kumbi. Historia hiyo mnaweza kuisoma wenyewe. Mimi leo nina jambo moja tu, nalo ni kwamba nyinyi mliokaa hapa mmeshaandaliwa kuzielewa picha hizi kuliko mnavyodhani.

Kanga. Jirani yako amekukera. Hugombani naye, husemi neno. Unavaa kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio", unapita mlangoni kwake taratibu kuelekea dukani. Huna unachonunua. Yeye anasoma, anameza, na hana pa kukushtaki. Au mko kwenye taarab, mwimbaji hajataja jina la mtu, lakini ukumbi mzima unajua anaimbwa nani, na mlengwa mwenyewe ndiye anayekwenda kutunza ili asionekane limemchoma.

Hollywood ya enzi ile iliishi hivyo hivyo, na sababu ni kanuni za maadili. Ziliandikwa mwaka 1930, na tangu katikati ya 1934 zikasimamiwa kwa mkono wa chuma na ofisi ya bwana mmoja aitwaye Joseph Breen. Mhalifu lazima aadhibiwe. Uzinzi usionyeshwe kuwa jambo jema. Viongozi wa dini wasifanyiwe dhihaka. Mapenzi kati ya mweusi na mweupe marufuku kabisa. Mume na mke wa halali mara nyingi utawakuta chumbani na vitanda viwili! Muswada ulisomwa kabla ya kupigwa picha, na filamu ikaangaliwa tena kabla haijatoka.

Wachache walikata tamaa. Walio hodari wakageuka mafundi wa fumbo.

Chukueni Double Indemnity ya 1944, ya Billy Wilder. Wakala wa bima anakwenda nyumbani kwa mteja kuhuisha bima ya gari. Mteja hayupo, yupo mkewe, Barbara Stanwyck, mguuni ana mkufu. Wakala anaanza kuchokoza. Mama anamjibu kwamba jimbo hili lina kikomo cha mwendo kasi barabarani. Jamaa anauliza, nilikuwa nakimbia kiasi gani, afande? Wanaendelea hivyo, habari za trafiki, pikipiki, faini, onyo, na hakuna hata mmoja aliyetamka jambo lenyewe. Breen angefuta nini pale? Habari za usalama barabarani? Baadaye wanamuua mume garini, na kamera haimwangalii anayeuawa. Inabaki kwenye uso wa mke anayeendesha, akitazama mbele. Nimeona damu nyingi kwenye picha za siku hizi, hakuna iliyonisumbua kama uso ule.

Au Notorious ya Alfred Hitchcock, 1946. Ofisi ilichukia busu refu. Hitchcock akawafanya Cary Grant na Ingrid Bergman wabusiane kidogo, waachane, waseme neno, wabusiane tena, watembee hivyo hivyo mpaka kwenye simu, huku wanajadili kuku wa chakula cha usiku. Dakika mbili na zaidi. Kila busu peke yake fupi, kanuni haijavunjwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kuangalia kama anavyosoma kanga ya jirani. Wakizungumzia kuku, jiulize wanazungumzia nini.

Mpwa wangu nilimrudia kwa Casablanca, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York mwishoni mwa 1942. Dakika 102 tu. Mji ni wa Morocco, lakini karibu yote ilipigwa kwenye viwanja vya Warner Bros. huko California. Humphrey Bogart ana baa, Bergman anaingia na mume wake, na huyu mama ndiye aliyeuvunja moyo wa mwenye baa kule Paris. Kuna usiku mmoja wawili hao wako chumbani, wanakumbatiana, halafu picha inahamia kwenye mnara wa uwanja wa ndege, kisha inarudi Bogart yuko dirishani na sigara. Kilichotokea hapo katikati? Watu wamebishana miaka 80. Mpwa wangu alikuwa na jibu lake papo hapo.

Lakini kilichomkalisha sawasawa ni nyimbo mbili. Maofisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao ndani ya baa, wakimbizi wamenuna. Mara mmoja anaiambia bendi ipige wimbo wa taifa la Ufaransa, na baa nzima inasimama na kuwafunika wale Wajerumani. Anayejua vikundi viwili vya taarab vikitunishiana misuli hahitaji maelezo. Msichana anayeonekana akilia pale ni Madeleine Lebeau, Mfaransa aliyeikimbia vita mwenyewe. Na Conrad Veidt, anayecheza meja wa Kinazi, alikuwa Mjerumani aliyewakimbia Wanazi pamoja na mke wake Myahudi. Sam mpiga piano ni Dooley Wilson. Piano hakujua kupiga, fani yake ilikuwa dramu.

Wilson ananifikisha kwenye jambo ambalo sitawaficha. Mtu mweusi katika picha hizi mara nyingi ni mtumishi, mpishi, mbeba mizigo. Hattie McDaniel alipata tuzo ya Oscar mwaka 1940 kwa kucheza mtumishi katika Gone with the Wind, mweusi wa kwanza kuipata, na usiku huo huo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa picha hiyo. Afrika nayo ilikuwa pazia la nyuma. The African Queen ya 1951 kisa chake kiko Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914, na John Huston aliipigia sehemu kubwa Uganda na Kongo. Mwanzo unaonyesha Waafrika kanisani wakiimba tenzi ovyo ovyo, kijiji kinachomwa, halafu karibu yote iliyobaki ni wazungu wawili na mashua. Meli ya adui katika kisa hicho wengi huihusisha na Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, ndiyo MV Liemba yetu ya Kigoma. Naipenda picha ile, Bogart na Katharine Hepburn wanagombana vizuri mno, na kila nikiiangalia nakasirika mahali pale pale. Muiangalie, lakini msiianzie.

Wenye kupenda picha za Kihindi waanze na Singin' in the Rain, 1952. Nyimbo, dansi, vituko. Inacheka kipindi sauti ilipoingia na waigizaji wenye sauti mbaya wakaumbuka. Gene Kelly alicheza kwenye ile mvua akiwa na homa kali.

Na kwa wale wa vikao, 12 Angry Men ya 1957. Sisi tunawajua wazee wa baraza mahakamani. Hawa ni raia 12 waliofungiwa chumbani, lazima wakubaliane wote, kijana anayeshtakiwa kwa mauaji ahukumiwe kifo au aachiwe. Dakika 96, chumba kimoja, joto. Sidney Lumet alianza na kamera ikiwa juu kidogo, akaishusha polepole, mpaka mwishoni dari inaonekana kama inawaangukia. Utajikuta unalegeza shati. Wataalamu watanisahihisha kwamba hii ilipigwa New York. Haya, nimesahihishwa.

Charlie Chaplin simhesabu, mnamjua. Kiswahili kina neno "chale" kwa mtu wa kuchekesha, na siwashangai wanaosema limetoka kwake.

Usiku huu tunaangalia It Happened One Night ya Frank Capra. Ilitoka Februari 1934, miezi michache kabla ya Breen kukaza kamba, lakini fumbo lake ni la kiwango cha juu. Ilizoa Oscar zote tano kubwa: picha bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na muswada. Binti wa tajiri amemtoroka baba yake, mwandishi wa habari hana senti, wamelazimika kulala chumba kimoja. Clark Gable anatundika blanketi juu ya kamba katikati ya vitanda na kuliita kuta za Yeriko. Mnaojua habari za Yoshua mnajua kuta zile ziliangushwa na nini. Basi kaeni, na masikio muyatege mpaka mwisho kabisa.

Kijana wa projekta, uko tayari? Naomba taa. Na simu, jamani, simu.