Angela Lansbury na Sauti Waliyomnyima

Ndugu wapenzi wa jukwaa, asanteni kwa kufika.

Naanza na jambo ambalo bado linaniuma. Mwaka 1946 studio ya MGM ilitoa filamu ya muziki iitwayo The Harvey Girls. Mwigizaji Angela Lansbury yumo, na kuna mahali anaimba. Midomo ni yake, lakini sauti si yake. Walimpachika sauti ya mwimbaji mwingine. Kumbukeni kwamba tunamzungumzia mwanamke ambaye baadaye alijaza kumbi za Broadway, kitovu cha michezo ya jukwaani New York, kwa kuimba!

Alizaliwa London mwaka 1925. Mama yake, Moyna Macgill, alikuwa mwigizaji. Baba yake alifariki Angela akiwa na miaka 9. Vita vilipopamba moto mwaka 1940, mama akawachukua watoto, wakavuka bahari hadi Marekani. Huko Los Angeles binti alifanya kazi dukani, hadi alipoitwa kuigiza katika filamu ya Gaslight kama Nancy, mtumishi wa nyumbani mwenye jeuri. Nancy anatakiwa avute sigara mbele ya mwajiri wake, lakini Angela alikuwa na miaka 17, na sheria haikumruhusu. Ikabidi kipande kile kisubiri siku yake ya kuzaliwa. Mtazameni anavyoishika ile sigara: kidevu juu, macho yamelegea, kana kwamba nyumba ni yake. Kwa uhusika huo wa kwanza kabisa akateuliwa kuwania Oscar.

Baada ya hapo ungetegemea mlango ufunguke. Wapi! Studio ilimwona ana sura ya mtu mzima, ikawa kila akitafutwa mama wa fulani, anaitwa yeye. Mwaka 1961 aliigiza kwenye filamu kama mama wa mhusika wa Elvis Presley, wakati alimzidi miaka 9 tu. Mwaka uliofuata, katika filamu ya The Manchurian Candidate, akawa mama wa mhusika wa mwigizaji Laurence Harvey, ambaye Angela alimzidi miaka 3. Ilikuwa dhuluma, sitaipamba. Lakini ndani ya dhuluma ile alifanya kazi ya kutisha. Yule mama ni mtu wa siasa anayemtumia mwanawe kama silaha, na Angela hapigi kelele hata pale anapomtuma kuua. Anamshika uso, anasema naye taratibu, na wewe unayetazama damu inakuganda.

Alipofika miaka 40 ndipo mambo yalipogeuka. Mchezo wa muziki uitwao Mame ulifunguliwa Broadway Mei 1966, baada ya yeye kufanyiwa usaili zaidi ya mara moja, maana hawakuamini kwamba "yule mama wa kwenye filamu" angebeba mchezo mzima wa kuimba na kucheza. Aliubeba, akatwaa Tony, tuzo ya michezo ya Broadway, yake ya kwanza kati ya tano alizoshinda kwa uigizaji. Filamu ya Mame ilipotengenezwa, ikatoka mwaka 1974, nafasi ile alipewa mwigizaji mwingine, Lucille Ball. Hollywood ilikuwa bado haijamsikia.

Ninyi mnaojifunza kuimba jukwaani, nawaomba mkaitafute Sweeney Todd, mchezo wa muziki wa mtunzi Stephen Sondheim wa mwaka 1979. Angela ni Bi Lovett, muuza pai mbovu kuliko zote London. Anaimba huku anakanda unga: donge linapigwa mezani, mdudu anapondwa, vumbi linapulizwa, na kila kipigo kimeandikwa ndani ya mdundo. Akichelewa nukta moja wimbo unaanguka. Pumzi anaivuta palepale mkono unaponyanyuka, kwa hiyo huioni ikivutwa. Kwangu hapo ndipo mwigizaji na mwimbaji walipokuwa mtu mmoja, na sijaona aliyempita.

Wengi mnamjua kwa Murder, She Wrote, tamthilia ya televisheni ya upelelezi iliyorushwa tangu 1984 hadi 1996. Aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni, kila msimu, misimu yote 12, asishinde hata mmoja. Tony ya tano ilikuja mwaka 2009, akiwa na miaka 83. Alifariki Oktoba 2022, zikibaki siku 5 atimize 97.

Nimebakiza jambo moja. Katika katuni ya Beauty and the Beast ya mwaka 1991 yeye ndiye sauti ya birika la chai. Alipopewa wimbo mkuu alihofu kwamba haumfai. Wakamsihi arekodi mara moja tu, angalau uwepo wa akiba. Akaimba kwa mkupuo mmoja, na ule ndio uliobaki kwenye filamu. Miaka 25 baadaye, kule Lincoln Center, kituo cha sanaa cha New York, akausimamia tena akiwa na miaka 90, Alan Menken aliyeutunga akimpigia piano. Sauti imepungua, inatetemeka pembeni, naye haifichi.

Rekodi ya usiku ule ninayo hapa. Naomba taa zizimwe, tumsikilize.