Iulize Modemu Kwanza

Asanteni, karibuni tuketi. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena, maana bado naletewa kompyuta za Linux ambazo faili la /etc/wvdial.conf, yaani mipangilio ya wvdial, programu ya kupiga simu, limekorogwa mpaka halitambuliki, nenosiri limebadilishwa, pppd, programu inayoendesha muunganisho, imefutwa na kuwekwa upya, na hakuna hata mtu mmoja aliyeiuliza modemu, kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na mtandao kwa laini ya simu, kama ipo. Jamani! Tangu Smartmodem ya Hayes ilipotoka mwaka 1981, modemu zinaamriwa kwa herufi mbili: AT. Unaandika AT, unabonyeza Enter, modemu inajibu OK. Isipojibu OK, funga mafaili yote uliyoyafungua. Hakuna utakachoandika humo kitakachokusaidia.

Namna ya kuiuliza ni hii. Fungua minicom, programu ya kuongea na modemu moja kwa moja, kwa amri ya minicom -s, itajie porti, weka kasi ya 115200, kisha andika AT. Modemu ya nje iliyochomekwa kwenye porti ya siriali huwa /dev/ttyS0 au /dev/ttyS1. Ile ya USB iliyo modemu kamili hutokea kama /dev/ttyACM0. Ukiandika na usione herufi zako, usikate tamaa: andika ATE1 hivyo hivyo bila kuona, halafu Enter, na herufi zitaanza kuonekana.

Mwenye modemu ya nje ana bahati, kwa sababu ana taa, na mimi taa nazipenda kuliko ujumbe wowote wa kwenye skrini. Bonyeza herufi moja huku jicho liko kwenye taa ya SD, ya kutuma data. Ikikonyeza, herufi imetoka kwenye kompyuta, imepita kwenye waya, imeifikia modemu. Isipokonyeza, umeitaja porti isiyo yake, au waya ni mbovu, na hapo tatizo halina uhusiano wowote na mtoa huduma wala nenosiri. Ukisha andika AT na kubonyeza Enter, taa ya RD, ya kupokea data, nayo ikonyeze: hilo ndilo jibu linarudi. Kazi hii ni ya muda mfupi sana, lakini watu wanairuka na kupoteza siku nzima!

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yenye kadi ya modemu ndani. Alikuwa ameandika kila kitu sawasawa, namba ya simu, jina, nenosiri, nami nilivikagua. Wvdial ikawa inamwambia haiwezi kuifungua /dev/modem, naye akawa anabadilisha nenosiri. Nikamwambia aandike lspci, amri inayoorodhesha kadi zilizomo ndani. Kadi ikaonekana pale, na chipu yake ilikuwa ya zile modemu zinazoitwa winmodem. Akanijibu kwa uchungu: "Lakini kwenye Windows inapiga simu vizuri kabisa!"

Nalisikia jibu hilo kila mahali, kwa hiyo acheni nilijibu leo hapa mbele yenu. Modemu kamili hubeba akili yake yenyewe: inazielewa amri za AT, inageuza data kuwa sauti na sauti kuwa data. Winmodem imenyimwa akili hiyo ili iuzwe rahisi, na kazi imetupiwa prosesa ya kompyuta yako kupitia draiva, programu ya kuiendesha kadi. Draiva ikikosekana, kadi hiyo haina wa kuisemea, na porti yenyewe haizaliwi. Ndiyo maana inafanya kazi kule na huku inanyamaza. Haijaharibika, na Linux haina ubaya nayo. Aliyeitengeneza ndiye hakuiandikia draiva.

Mwingine atasema draiva za Linux zipo. Naam, zipo kwa baadhi ya chipu, slmodem ni mojawapo. Lakini nyingi zina sehemu iliyofungwa ambayo huwezi kuisoma wala kuirekebisha, na ukipandisha toleo la kerneli, kiini cha Linux, huenda ukalazimika kuijenga draiva upya, kama bado inakubali kujengwa. Ushauri wangu haujabadilika: tafuteni modemu ya nje yenye taa, ya siriali.

Na yule anayeuliza nani bado anapiga simu kwa modemu? Anayesimamia mitambo ya mbali anapiga. Mtandao ukikatika, ruta iliyoko huko huwezi kuifikia kwa mtandao huo huo uliokatika. Unaifikia kwa laini ya simu iliyounganishwa na modemu pembeni yake.

Naona muda unanikimbia, kwa hiyo yaliyobaki nayapitia mbio. OK ikishapatikana, wvdialconf itaitafuta modemu na kukuandikia faili. Wewe jaza namba, jina na nenosiri. Ukikatazwa kuifungua porti, angalia kama umo kwenye kikundi cha dialout, cha watumiaji wanaoruhusiwa kutumia porti. Ukiona NO DIALTONE na laini ni nzima, ongeza ATX3, modemu iache kusubiri mlio. Msitarajie kasi ya 56k kamili: V.90, kiwango cha modemu za kasi hiyo, inahitaji upande wa mtoa huduma uwe wa kidijitali, na kupandisha data hakuzidi 33.6k. Simu ikipokelewa halafu PPP, yaani muunganisho unaoendeshwa na pppd, ikakwama mwanzoni, jaribu Stupid Mode = yes kwenye wvdial, ili pppd ianze mara tu baada ya CONNECT.

La mwisho, maana najua mtaniuliza mlangoni. Umeunganishwa, una anwani ya IP, na hakuna ukurasa unaofunguka. Andika ip route. Kama njia ya msingi bado inaelekea eth0, kadi ya mtandao wa waya, pppd imekataa kuibadilisha, na data yako yote inakwenda kwenye waya usio na kitu. Iondoe njia hiyo kwa ip route del default, kisha piga simu tena. Kama njia ni sahihi na unafikia namba za IP lakini majina hayafunguki, ongeza usepeerdns kwenye mipangilio ya pppd, ili itumie seva za majina za mtoa huduma. Waliokuja na modemu zao, zichomekeni sasa, tuanze na AT.