Sungura Hana Mawifi

Nimepewa dakika ishirini kueleza kwa nini mwili wa mwanamke huweza kuacha kuitikia tendo la ndoa. Walionisikia kabla wanajua hazitanitosha, kwa hiyo nianze palepale ninapoanzia siku zote: kwa sungura.

Mwaka 1997, Boston, Marekani. Kwangsung Park, Irwin Goldstein na wenzao wanachukua sungura weupe majike, wanawagawa makundi mawili. Kundi moja linaachwa lile chakula cha kawaida. La pili linaingizwa mpira mwembamba wenye kiputo kwenye mishipa mikubwa inayopeleka damu kiunoni, mishipa inajeruhiwa kwa ndani, kisha wanalishwa chakula chenye kolesteroli kwa wiki 16. Fikirieni chipsi mayai asubuhi, mchana na jioni, karibu miezi minne.

Wiki zinakwisha. Sungura wanalazwa kwa nusukaputi, neva ya nyonga inachochewa kwa umeme kidogo, na vipimo vinasoma damu inayoingia ukeni na kwenye kinembe. Ndiyo, kinembe. Tumekuja kusoma fiziolojia. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Haya. Kwa wale wazima damu inapanda. Kwa wale wa mafuta neva imechochewa vilevile, lakini damu inapanda kidogo tu.

Tulieni hapa, maana hapa ndipo ninapogombana na wenzangu kila mwaka. Mama mwenye kisukari, ugonjwa ambao nao huharibu mishipa ya damu, anakuja kliniki, anamnong'oneza muuguzi kwamba mwili hauitikii tena, pakavu, panauma. Anajibiwa nini? "Ni mawazo hayo, mama. Pumzika. Ongea na mzee." Sawa. Yule sungura alikuwa na mawazo gani? Amelala fofofo! Hana mume aliyechelewa kurudi, hana ada ya shule, hana mawifi. Kilichoharibika kwake ni mshipa wa damu.

Na mzee mwenyewe, mwenye kisukari hichohicho, akija kulalamika kwamba mambo hayasimami, tunampima presha, sukari, mafuta, hata moyo. Tumeshafundishwa kwamba mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo inaweza kutangulia kuonyesha hitilafu. Vizuri sana. Je, ya kinembe ni minene kama mabomba ya manispaa?

Naona daktari pale nyuma kashajiandaa: "Mwalimu, mwanamke si sungura." Kweli, si sungura, na hilo limeshatuumbua. Viagra, dawa ya kuongeza damu kwenye uume, iliidhinishwa Marekani kwa wanaume Machi 1998. Pfizer, kampuni yenye dawa hiyo, wakaijaribu kwa wanawake wapatao 3,000, na mwaka 2004 wakaachana na mpango huo. Damu inaweza kufika na hamu isifike. Hamu ni jambo moja, mwili kuitikia ni jambo jingine, na sungura aliyepigwa nusukaputi hana la kutuambia juu ya hamu. Kwa hamu kawaulizeni panya: kizimba kinagawanywa kwa ukuta wenye tundu dogo, jike anapenya, dume kwa unene wake hapiti, na jike ndiye anayeamua aende lini na aondoke lini. Utafiti mzuri sana ule, ningeweza kukaa nao hadi magharibi.

Lakini mtu asinigeuzie maneno. Kidonge kushindwa kuleta hamu si ushahidi kwamba mishipa ni mizima. Bomba lililoziba limeziba, hata kama nyumbani hakuna mwenye kiu.

Estrojeni, ile homoni ya kike, nilitaka niieleze taratibu, ila mwenyekiti kashanyanyua karatasi yake. Kwa kifupi: sungura majike waliotolewa ovari, damu hiyo hupungua, wakirudishiwa estrojeni, hupanda. Kina mama waliokoma hedhi mmenielewa. Nitriki oksidi, ile kemikali inayolegeza mishipa, turuke. Presha kwa panya, turuke. Picha hii ya tishu za mwili, hapana, hii siruki: hicho ni kinembe cha sungura wa mafuta, na hayo ni makovu, yamekaa pale palipokuwa na misuli laini. Misuli hiyo ndiyo hulegea damu ikaingia. Kovu halilegei, hata ulibembeleze vipi.

Dawa sikuzifikia, najua. Mwaka jana pia sikuzifikia. Mama wa kitenge cha kijani kanyoosha mkono tangu nilipotaja chipsi. Karibu mama, uliza.